Gari la Breki Mbili

Fomu ya forodha iliuliza swali jepesi: makazi yako ya kudumu ni wapi? Mwalimu Klachi, aliyepewa jina hilo na wanafunzi wake kwa kuwagombeza kutwa juu ya mguu wa kushoto, hakufikiria mara mbili. Aliandika nyumba ya mama yake. Angeandika nini kingine? Miaka kumi na moja alifundisha udereva katika nchi ya watu, akilala chumba cha kupanga, lakini ukimuuliza kwao wapi, anataja kwa mama. Ndivyo tunavyosema sote.

Kwa jibu hilo moja akajitia kitanzi mwenyewe. Sheria inamsamehe ushuru wa gari mtu anayehamia kutoka nje, si aliyekuwa nyumbani siku zote. Idara ya forodha ikamwandikia kwamba, kwa mkono wake mwenyewe, amekiri hakuhama popote, kwa hiyo alipe; mpaka hapo gari litabaki kwenye yadi yao. Ushuru wenyewe ulikaribia bei ya gari, na gari ndilo lilikuwa kazi yake yote: dogo, jeupe, lenye breki mbili, ya dereva na ya mwalimu.

Akakata rufaa. Akapeleka mkataba wa chumba, wakasema unaonyesha alipanga, hauonyeshi kwamba alilala humo. Pasi yake ya kusafiria ya zamani ilichukuliwa alipopewa mpya, na mpya ilikuwa na muhuri mmoja tu, wa kurudi. Basi alete shahidi, wakasema, mtu anayeishi kwenye nyumba ile aliyoiandika. Kusikilizwa mbele ya kamati ya rufaa ni Alhamisi. Mnada wa gari ni Ijumaa.

Anayeishi pale ni mama peke yake, na mama ndiye aliyemtia wasiwasi. Hakuwahi kukubali kwamba mwanawe ameondoka. Kila Jumamosi alibadilisha shuka za kitanda chake. Wageni wakimuulizia, alijibu, "Yupo, katoka kidogo." Akilisema hilo mbele ya kamati, kwisha habari yake.

"Mama," alimnong'oneza kwenye benchi la korido, "wakikuuliza kama naishi kwako, sema siishi."

"Huishi kwangu? Na kitanda kile ni cha nani?"

"Mama, tafadhali."

"Mimi sifundishwi kusema," mama alijibu, akageukia ukuta.

Walipoitwa ndani, mwenyekiti wa kamati, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimwamkia mama kwa heshima kisha akaenda moja kwa moja kwenye hoja. "Mama, kwa miaka hii kumi na moja, mwanao alikuwa akiishi kwako?"

Chini ya meza mguu wa kulia wa Klachi ulikandamiza sakafu, kama vile kando yake kuna mwanafunzi anayeelekea ukutani.

"Chumba chake kipo," mama alisema.

"Sikuuliza chumba, mama."

"Najua ulichouliza, mwanangu." Alivuta pumzi. "Baba yake aliugua miezi minne. Nilimgeuza kitandani mimi, na mgongo huu. Alipofariki tulimsubiri huyu siku mbili. Ya tatu tukazika. Jeneza lilibebwa na majirani. Mtu anayeishi kwangu angekuwepo siku ile. Andika hivyo."

Karani akaandika. Klachi alijua ameshinda, na aibu ikamjaa mpaka akashindwa kuinua uso. Siku ile kwenye simu mama alimwambia tu, "Usijali, kazi ni kazi." Tangu hapo hakuwahi kuligusa tena jambo hilo, naye mjinga akadhani limekwisha.

Saa nane mchana hati ya kulitoa gari ilikuwa imegongwa muhuri. Kule yadini, mlinzi alizunguka gari mara mbili akitafuta kosa, asilione, akafungua geti.

Mama alipanda mbele, upande wa abiria, akagusa kitu kwa kiatu. "Na hii ya nini?"

"Breki ya mwalimu, mama. Mwanafunzi akikosea, mwalimu anasimamisha."

Mama akapandisha mguu juu yake, akautuliza hapo.

"Mama, nisamehe."

"Endesha."

Akaendesha polepole, mikono yote miwili kwenye usukani. Mama hakukanyaga hata mara moja, lakini hakuuondoa mguu wake mpaka walipofika nyumbani.