Nilimpa wifi yangu mkorogo wa kojic, chumba cha upasuaji kikaniumbua

Wakuu, heshima kwenu. Mimi humu ni msomaji wa kimya, leo nimeamua kutema. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi. Mkinitukana nitavumilia.

Nilikuwa na kibanda cha vipodozi Kabanga, mpakani na Burundi, pale karibu na wabadilisha faranga. Biashara ikawa inalala, nikaanza kukoroga mwenyewe. Kwenye kopo nikabandika "Kojic".

Kwa wasioijua, kojic inatokana na kuvu, ule ukungu ambao huko Asia wanachachushia mchele. Inang'arisha ngozi, ila taratibu sana. Mteja wa kwetu anataka wiki mbili awe ameshatakata.

Kwa hiyo humo nikawa nakamulia tyubu za dawa ya ngozi zenye steroid, zile za kuandikiwa na daktari. Mteja akiuliza, namjibu, "Hii ni asili tupu, kama uyoga tu."

Wifi yangu Odetha, mke wa kaka yangu, ni mkulima kule Murukulazo. Alikuja analalamika uso umebabuka kwa jua la shambani. Nikampa kopo bure.

Alitakata kweli! Akawa anajipaka mwili mzima, hata alipopata mimba, mpaka tumboni. Niliona nikanyamaza, maana yeye ndiye alikuwa tangazo langu.

Uchungu ukakwama, akapasuliwa. Mtoto akatoka salama. Siku ya nne nyuzi zikaachia. Wakashona tena, zikaachia tena. Nesi akasema ngozi inachanika kama karatasi iliyolowa.

Daktari akamuuliza mbele yangu, "Mama, ulikuwa unapaka nini?"

Odetha akanitazama. "Mafuta ya mgando tu, daktari."

Wakuu, alinificha. Na mimi nikaacha anifiche.

Nilikaa na hilo siku mbili, kidonda kinanuka, ndipo nikamfuata daktari nikamweleza. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba steroid ikipakwa muda mrefu hukondesha ngozi, kidonda hakishiki, kisha akasema tu, "Ungesema juzi."

Alilala wodini karibu miezi miwili. Maziwa yakakauka. Mtoto akalelewa na mama yangu, na Odetha aliporudi nyumbani, kila akimpakata mtoto analia, anamtaka bibi.

Uso nao, baada ya kuacha kupaka, ukajaa chunusi na mabaka meusi.

Kaka hanisemeshi. Kibanda nimefunga, makopo nimeyatumbukiza chooni.

Mwezi uliopita nilienda kuomba msamaha. Odetha alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Wifi, ulikuwa unajua?"

Nikamwambia, "Nilijua inachubua. Sikujua itafika mpaka huko."

"Basi ulijua." Akaendelea na maharage yake.

Nilichojifunza: usipake kitu ambacho hujui kilichomo, hata akupe ndugu. Ukiulizwa hospitali, sema ukweli. Na wauzaji wenzangu, mnajua mnachokoroga. Semeni kabla mtu hajalala kitanda cha upasuaji.

Aliyewahi kuacha mkorogo ngozi ikarudi, aandike hapa alifanyaje. Odetha hana simu ya intaneti. Nitampelekea mwenyewe kwa mguu, hata kama hatanijibu.