Siku tatu nilizomtafuta mwanangu Nyamisati hadi Kibiti, na daftari nililokatazwa kulishika

Wakuu, za humu ndani. Naona mnabishana kama database ya watoto waliopotea iwe wazi kila mtu a-search au ikae ofisini. Mimi yalinikuta, na sitatia chumvi.

Zama za ruksa, miaka ya themanini mwishoni, mitumba ndiyo imeanza kujaa Kibiti. Nyumba yetu iko Mtunda, lakini msimu wa mpunga tunahamia shamba, sehemu tunaiita Kipoka. Tunaishi kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, tunawinga ndege na kufukuza nguruwe. Warufiji wenzangu mnaelewa, nyumba ya kijijini inabaki na kufuli miezi.

Siku hiyo nilikwenda bandari ya Nyamisati kumtumia dada yangu wa Mafia mchele kwa boti. Niko na Zuhura, binti yangu wa miaka minne.

Nikainama kufunga gunia. Kuinuka, mtoto hayupo.

Boti imeshaondoka. Wengine wanasema kapanda, wengine wameanza kuangalia majini. Nikakaa topeni.

Kesho yake nikafika Kibiti, ofisi iliyokuwa inaandika watoto waliopotea na waliookotwa. Daftari moja, kila kijiji na ukurasa wake.

"Mtoto wa wapi?" karani akauliza.

Nikasema Mtunda. Akafunua, akaniandika. "Hajaokotwa mtoto wa Mtunda, mama. Vuta subira."

Siku ya pili, jibu lile lile. Salamu zikaja kutoka Mafia kwamba hakushuka mtoto yeyote. Basi kila nikifumba macho namuona majini.

Siku ya tatu nikamwambia karani anipe daftari nitazame mwenyewe.

"Hili la ofisi mama, raia haligusi."

Nikalinyakua. Ndiyo, sina adabu, hata mume wangu anasema.

Nikasoma ukurasa kwa ukurasa, yeye ananivuta kanga. Nikafika pameandikwa: mtoto wa kike, gauni la maua, kovu la moto mkono wa kushoto. Kwao: Kipoka.

Nilipiga ukelele ofisi nzima ikasimama.

Kumbe alimfuata mama mmoja mwenye kanga kama yangu mpaka kwenye lori la Kibiti. Yule mama alipogundua, akampeleka ofisini jioni ile ile. Alipoulizwa kwao, mtoto akataja anapopajua, shamba. Mimi nikataja kijiji. Siku mbili nzima tulikuwa wote ndani ya daftari moja, karatasi chache tu katikati yetu.

Nilimkuta nyumbani kwa yule mama, aliyeachiwa na ofisi amtunze, nyuma ya soko, anakula muhogo. Nilipania kumchapa, nikaishia kulia kuliko yeye.

Kwa hiyo mnaosema iwe siri, mnanikera. Karani anatafuta kijiji, mzazi anatafuta kovu.

Nawasikiliza, hata wa kunipinga. Ila kabla hujaandika, muulize mwanao kwao ni wapi, uje utuambie alichojibu.