Sifuri ya Babu

Usiku ule nililala nikijisifu. Filamu yangu fupi, ya jinsi Babu na Bibi walivyokutana, ilikuwa imekamilika, na kesho yake Bibi angeitazama mbele ya ukoo mzima. Ila nilikuwa nimeikata mvua.

Tangu utoto nimemsikia Bibi akiisimulia mvua ile: ilivyomwagika, alivyokimbilia kituo cha hali ya hewa kwenye shamba la mkonge, na Babu, mpima mvua wa pale, alivyomvika koti lake akalowa yeye mpaka meno yakagongana. "Hapo ndipo nilipojua," husema Bibi kila mara. Basi majuzi nikalipata daftari la kazi la Babu. Pembeni mwa siku moja ameandika kwa penseli "Zaina", jina la Bibi. Kwenye safu ya mvua ameandika sifuri. Na Babu hakuwa mtu wa kukosea tarakimu. Aliwahi kukatisha hitima ili asahihishe umri wa marehemu. Nikaitoa mvua, nikaweka jua, na Bibi sikumwambia.

Usingizini nikajiona nimekaa mbele ya kompyuta, na Babu yuko kwenye kiti cha pili, kaptura ya kaki, soksi mpaka magotini. Nilijua amekufa, lakini niliona si adabu kumkumbusha.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mchumba. Huyu ndiye mimi?"

Kwenye skrini mwigizaji wangu alikuwa anashuka kwenye baiskeli, anatabasamu.

"Ndiye, Babu."

"Meno yote hayo niliyatoa wapi? Na baiskeli sikujua kuipanda mpaka baba yako alipoanza shule. Nilikuwa naikokota tu, watu waone ninayo."

Nachukua kalamu niandike masahihisho, na meza haipo tena. Tumesimama kwenye uwanja wa kituo, asubuhi, jua limeshaanza kuchoma. Babu anazunguka akikosoa: uzio ulikuwa wa waya, si wa miti, kuku yule si wake, wimbo unaosikika ulikuwa bado haujatungwa. Hata mbuzi aliyepita nyuma yetu alitazamwa kwa mashaka. Nami nafurahi moyoni, maana nimepata shahidi.

"Na mvua je, Babu? Nimeitoa. Daftari lako linasema sifuri."

Babu, mwenye jibu kwa kila kitu, akaanza kuvuta soksi ambayo haikuwa imeshuka.

Msichana anaingia langoni na mzigo wa kuni kichwani, jasho linamtiririka. Ni Bibi, mdogo kuliko mimi. Anaomba maji. Babu, ambaye ghafla ana nywele, anachungulia mtungi: mkavu. Anakwenda kwenye kipima mvua, anatoa kopo la ndani. Lina mvua ya usiku mzima, na bado hajaipima. Analitazama kopo. Anamtazama msichana. Anampa, naye anakunywa mpaka maji yanamwagika kidevuni.

"Ilinyesha," Babu ananiambia kwa sauti ya chini. Amerudi kando yangu, mzee tena. "Saa tatu nilipokwenda kupima, kopo lilikuwa tupu. Ningeandika nini?"

"Kumbe daftari ni la uongo!"

"Siku moja tu!" akafoka. "Siku nyingine zote ni sahihi." Halafu akapoa. "Miaka yote nimemsikia akisimulia gharika yake, na koti ambalo sikuwa nalo. Sikumsahihisha hata mara moja. Unadhani ilikuwa rahisi, kwa mtu kama mimi? Mrudishie mvua yake."

Nilitaka kumshika mkono, lakini alikuwa ameshafika langoni, anakokota baiskeli. Nikaamka alfajiri, mto umelowa machozi.

Nilimkuta Bibi sebuleni, ameshavaa kanga mpya kwa ajili ya filamu. Nikamwambia yote, hata kwamba niliikata mvua. Nilitegemea anigombeze.

"Amekuficha, mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita kwa utani. "Alinipa nusu. Nusu nyingine aliinywa mwenyewe, mdomo wake palepale nilipoweka wangu. Hapo ndipo nilipojua."

"Sasa gharika uliitunga ya nini?"

"Ningemwambia baba yangu nini? Kwamba nimempenda mwanamume kwa sababu ya maji ya kopo?"

Akacheka. Akacheka mpaka akalia, akalia kweli, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Babu. Nikamshika mabega nami nikalia naye. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akanisukuma kuelekea kwenye kompyuta.

"Nenda kairudishe mvua," akasema. "Na iwe kubwa."