Mpishi Anayesikiliza Nyundo

Saa tano na nusu asubuhi, vumbi jeupe la machimbo limekwisha kutanda juu ya bati la jiko, na mpishi anayavuta majivu kutoka mafigani kwa kipande cha ubao. Sufuria yake ni pana kiasi cha kuogeshea mtoto. Ndani yanatokota mahindi, maharage kidogo, na karanga zilizotwangwa ambazo zimeufanya mchuzi kuwa mzito. Anaonja, anatia chumvi, kisha anafunika na kuubana mfuniko kwa jiwe.

"Leo ndiyo leo," anasema, wala hamtazami mtu.

Wapasua kokoto humwita Mama Mwiko. Ana umri wa miaka hamsini na tisa, na katika machimbo haya ndiye anayewalisha watu sitini chakula cha mchana. Mwenye machimbo humlipa kwa kila sahani. Akishanunua nafaka na kuni, kinachobaki mkononi mwake kwa siku hakizidi bei ya kilo nne za mahindi. Kwa hicho anaishi, na kwa hicho anamsomesha binti yake.

Bei ya maharage imepanda mara mbili tangu mavuno. Malipo ya sahani hayakupanda hata kidogo. Mama Mwiko alipokwenda kulalamika, mwenye machimbo alimjibu kwa ufupi. Yuko mwuza mikate aliye tayari kuleta mkate na chai ya sukari kwa malipo yale yale, na hapo kazi ya kupika itaisha. Hata hivyo alimpa siku moja ya kujaribu chungu kipya, yaani mapishi mengine. Wafanyakazi wakifika king'ora cha jioni wakiwa na nguvu, jiko litabaki. Wakilegea, basi.

Siku hiyo ndiyo hii.

Hofu yake ina sababu. Mwezi uliopita alijaribu kuukimbia mzigo wa maharage kwa kununua kabichi. Zilikuwa rahisi sokoni, na kapu lilijaa hadi likakataa kubebeka. Sufuria ilifurika, sahani zikapakuliwa vilima, kila mtu akashangilia. Kabla ya saa nane watu walikuwa wameketi juu ya mawe yao wakipiga miayo.

"Nilinunua ujazo, sikununua nguvu," anasema. "Macho yalishiba, tumbo likadanganywa."

Mchonga mawe mmoja, mwenye mikono kama mizizi, anayeitwa Tindo, hajamsahaulisha jambo hilo hadi leo.

"Mama, leo umetupikia chakula au mvuke?" anauliza akipita na nyundo begani.

"Nimekupikia adabu, mwanangu. Kaa foleni."

"Adabu nilikula mwezi jana ikaisha saa saba!"

Foleni nzima inacheka, na mpishi naye anacheka.

Jiko hili alilirithi kwa mama yake mzazi, ambaye alipika hapa tangu machimbo yalipokuwa shimo dogo lisilozidi uwanja wa shule. Mama Mwiko anazikumbuka siku hizo kwa sauti ya chini, kama mtu asemaye karibu na aliyelala. Magunia yaliegemea ukuta mpaka darini. Watu walipasua mawe kwa kupokezana nyimbo, na harufu ya karanga zikikaangwa ilifika hadi barabarani, ikawafanya wapita njia wapunguze mwendo.

"Mama hakujua kusoma," anasema. "Lakini mchana, watu wakisharudi kazini, alisimama mlangoni, akafumba macho, akasikiliza nyundo. Zikipiga pamoja, alirudi kuosha vyombo. Zikianza kupishana, moja hapa, moja kule, alisema, 'Leo nimewanyima watoto wa watu.' Kesho yake alibadilisha chungu."

Ndivyo alivyofunzwa kupima chakula: si kwa mizani ya sokoni, bali kwa saa ambayo njaa inarudi kubisha hodi.

Mizani nyingine imeletwa na binti yake, anayesomea mambo ya lishe chuoni. Baada ya aibu ya kabichi, mama na binti waliketi jikoni nyumbani wakabishana jioni nzima.

"Mama, kilo ya kabichi ni theluthi ya bei ya kilo ya mahindi," binti alimweleza. "Lakini nguvu yake haifiki hata sehemu moja ya kumi. Umelipia maji."

"Na nguvu ya bei nafuu iko wapi, mwalimu wangu?"

"Kwenye mahindi, na kwenye sukari."

"Kwa hiyo yule wa mikate ana haki! Niwape sukari walambe, halafu wakapasue mwamba?"

"Sikusema hivyo, mama. Sukari inawaka kama karatasi. Wewe unataka gogo."

Gogo hilo lilipatikana kwenye mashine ya kukoboa karanga. Wafanyabiashara huchukua karanga nzima. Zilizovunjika huachwa kwenye magunia pembeni, na bei yake ni nusu ya bei ya maharage. Binti alipiga hesabu, akamwambia mama yake kwamba kilo kwa kilo zinayapita maharage kwa nguvu, mradi zisiwe na ukungu. Mama Mwiko alikaa na ungo kwenye baraza, akachagua chenga moja moja, mbaya akazitupa motoni. Kisha akazitwanga, akapunguza maharage na kuongeza mahindi.

Sasa sahani zimekwisha kupakuliwa. Si vilima, na wengine wanazitazama kwa mashaka.

"Mama, hiki ni cha kuonja?" anauliza Tindo.

"Kula kwanza. Ukinung'unika jioni, nitakupa sahani yangu."

"Wote mmesikia! Mashahidi mpo!"

Wanakula mpaka sahani zinabaki nyeupe. Tindo anapangusa sahani kwa kidole, kisha anajifanya hakufanya hivyo.

Saa nane inapita. Mama Mwiko haoshi vyombo. Amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya mhimili, na midomo yake inakwenda polepole kwa kufuata mapigo yanayopanda kutoka shimoni. Saa tisa, saa nzima baada ya ile ya kabichi kufa, nyundo bado zinapiga pamoja. Mahali fulani chini kule mtu ameanzisha wimbo, na wengine wanamwitikia.

"Laiti mama angeusikia wimbo huu," ananong'ona, kisha anajifuta uso kwa upindo wa kanga.

King'ora kinapolia, msimamizi anapanda ngazi za udongo akihema.

"Mama, mwenye machimbo anasema uendelee," anamwambia. "Bei ni ile ile. Asikudanganye mtu kwamba itapanda."

"Ahsante, baba. Sikutegemea ipande."

Tindo anapita nyuma yake akielekea nyumbani, kichwa ameinamisha. "Shikamoo, Mama," anasema, neno ambalo hajamwamkia nalo kwa mwezi mzima.

"Marahaba, mwanangu. Sahani yangu huitaki?"

"Nimeshiba, Mama. Usinichokoze."

Mvua zitakapoanza, Mama Mwiko anakusudia kulima kiwanja kilicho nyuma ya nyumba, ambacho kimeshikwa na magugu tangu mama yake alipofariki. Binti ameahidi kuja likizoni kushika jembe. Watapanda karanga.

"Chungu cha mama kilikuwa na karanga nzima," anasema, akimwaga maji ya mwisho juu ya makaa. "Ulikuwa ukiuma moja, unaisikia inavunjika mdomoni mwako. Hizi za kwangu zimeshavunjwa na mashine. Nataka siku moja watu wangu wazivunje wenyewe."