Mashine Niliyoisifu Bila Kuishika

Nikiulizwa kuhusu kompyuta huwa najibu kabla swali halijaisha. Ni ugonjwa wa mafundi, nami nimeuugua miaka mingi katika kichumba changu pale Kasapa, mtaa wa chuo kikuu, ambako wanafunzi huniletea mashine zilizokufa wakitaka kuambiwa zimelala tu. Kwa hiyo kaka wa mke wangu, anayeishi Kanada, aliponiuliza kama zile kompyuta ndogo za michezo, za kushika mkononi, zinaweza kubeba mchezo wetu wa vita wa watu sitini kwa pamoja, hata kichwa sikukuna. Nilimwambia zinaweza bila shida. Nilikuwa sijawahi kushika hata moja.

Akanunua moja. Sikuuliza ni ya nani.

Baada ya muda, kikosi chetu cha Jumamosi mchana kikapata mtu wa tatu. Alijiita kwa namba tu, na maikrofoni yake ilikuwa imezimwa. Alikuwa balaa. Tukikimbia, yeye amesimama. Risasi zikinyesha, yeye anatazama ukuta. Akifungua mlango, adui ameshapita na kurudi. Nilivumilia wiki tatu, na uvumilivu si fani yangu. Wiki ya nne nikapasuka.

"Huyu mujinga iko analala? Aende kuuzisha makala!"

Yaani akauze mkaa. Shemeji yangu, ambaye huniita bofrere, shemeji kwa Kifaransa chetu, akasema taratibu, "Bofrere, ule iko mama."

Mama yake. Yaani mama mkwe wangu.

Kwetu, muko, ndiye mkwe, hamsogelei mama mkwe wake. Akiingia sebuleni, mimi natokea jikoni. Nikiwa na neno la kumwambia, namwambia mke wangu, naye anageuka kumwambia mama aliyesimama hatua tatu kutoka kwangu na aliyekwisha kusikia kila kitu. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumtamkia neno hata moja ana kwa ana, na la kwanza kabisa lilikuwa mujinga. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Shemeji alinificha kwa sababu alijua ningekimbia. Alikuwa hajamwona mama yake miaka minne, na kwenye simu walikuwa wamemaliza maneno: umekula, kuna baridi, nisalimie watu. Ndani ya mchezo, siku ambazo mimi sikuwepo, alimwambia, "Mama, unifuate," naye mama akafuata, saa nzima, mtu na mwanawe. Sasa mke wangu akaniletea habari kutoka kwao: mama ameifungia mashine kabatini.

"Anasema mikono yake imezeeka. Anasema tusimusumbue tena."

Hapo niliona aibu ya kweli, maana mikono ile haikuwa na kosa. Nilikwenda nikasoma, kama nilivyopaswa kusoma mwanzo. Kidude kile kinabeba michezo mingi vizuri tu. Lakini watu sitini wakikusanyika mahali pamoja, na moshi, na majani yanayotikisika, kinapata homa na picha zinachelewa. Mama alikuwa anabonyeza kwa wakati wake; mashine ndiyo ilikuwa inafika baadaye. Ningeweza kusingizia mtandao, na katika mji huu hakuna ambaye angeutetea. Nilikaa na uongo huo siku mbili, mtamu kweli. Bahati mbaya, mtandao wa nyumbani kwake pia ni mimi niliyeusifu.

Nikaenda na kuku na kitenge, kama inavyotakiwa. Mama alikaa chumbani nyuma ya pazia, mimi sebuleni, mke wangu mlangoni akibeba maneno ambayo hayakuhitaji kubebwa.

"Umuambie mama, mikono yake haina kitu. Mashine ndiyo haina nguvu. Ni mimi nilisema inaweza."

"Umuulize," pazia likasema, "alikuwa anaijua?"

"Hapana."

Mke wangu akalibeba hata neno hilo dogo.

"Umuulize tena. Na huyu kuku, alimuangalia kwanza, mbele ya kumuleta?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi, kwa heshima, nilitazama sakafu.

Nikapewa mashine. Nikaiunganisha na umeme, nikaiweka juu ya sahani iliyopinduliwa ili ipate hewa chini, nikaanza kuondoa vitu mchezoni: vivuli, moshi, majani, mawingu. Uzuri wa picha nikaupunguza mpaka askari wakawa kama wamechongwa kwa panga. Ilikuwa mbaya kuitazama, lakini ilikwenda. Leo wanafunzi wakiniuliza kama kidude kile kinaweza, nawajibu polepole: kinaweza, ukikubali vita visivyo na majani.

Jumamosi iliyofuata namba ile ilirudi kikosini. Mimi nilipigwa risasi nyuma ya ukuta, nikaanguka, nikasubiri msaada. Askari mmoja akaja mbio, hakutazama ukuta wowote, akapiga magoti kuniinua. Na ile maikrofoni iliyokuwa bubu ikafunguka.

"Muko, lamuka. Iko bantu nyuma yako."

Mama mkwe wangu alikuwa amenisemesha, kuniambia niamke. Mimi mwenyewe, bila mke katikati. Nikafanya anachofanya muko yeyote mwenye adabu: nikainuka kwenye kiti, nikainamisha kichwa, nikapiga makofi taratibu, nikaitika, "Eyo, mama." Wakati huo kompyuta yangu kubwa, yenye nguvu za kubeba vita vyovyote, ilikuwa haina mtu. Wakanipiga tena.

"Bofrere," Kanada ikauliza, "mashine yako imekwama?"

Nilikuwa bado nimesimama, kichwa chini. Mama akanijibia.

"Mashine yake iko muzuri. Ananiheshimu tu."

Akageuka, akarudi kuniinua.