Siku Papa Alipofunga Mlango Mmoja

Katika soko letu la Walikale, sisi wauza vitenge hatuanzi siku kwa sala tu. Tunaanza kwa kutazama milango ya duka kubwa lililo mbele yetu. Mwenye duka ni Papa mmoja, ndivyo tunavyowaita wazee, aliyetoka upande wa Butembo, mtu wa misa ya asubuhi na maneno machache. Ndugu zake wako barabarani na malori na wanampigia simu, kwa hiyo habari mbaya inamfikia kabla ya redio. Akifungua milango yote miwili, tunatandika. Akifunga mmoja, tunafunga mizigo. Hakuna aliyetupangia hivyo. Tulijifunza baada ya kukimbia vita mara mbili, na mara zote mbili mlango mmoja ulitangulia kufungwa.

Mama yangu mzazi alikuwa anauza sombe, majani ya muhogo, mwisho kabisa wa soko, karibu na mtaro. Goti lake moja halikunjiki vizuri, basi asubuhi ninamkalisha mimi na jioni ninamwinua mimi. Hofu yangu ilikuwa moja tu, na ilinila kila siku: tukikimbia tena, nani atamfikia kwanza? Nilijijibu kwamba ni mimi. Hata kuapa niliapa.

Asubuhi moja, kama saa tatu, nikainua macho nikaona mlango wa kushoto umefungwa. Jirani yangu, mama muuza viatu, alikuwa ameshajitwisha. Ulisikia turubai zikikunjwa tu, na motari wakiwasha pikipiki zao. Nikakusanya vitenge, nikavifunga, nikavitia mgongoni, nikakimbia na wengine mpaka darajani. Hapo muuza viatu akanigeukia.

“Dada, na mama yako iko wapi?”

Nitasema ukweli, maana nimechoka kuupamba. Si kwamba nilishindwa kumfikia. Nilimsahau. Mama aliyenizaa nilimsahau kabisa, na kitenge hata kimoja sikusahau.

Nikarudi mbio na ule mzigo mgongoni, nikijitukana njia nzima. Soko lilikuwa tupu. Mama alikuwa amekaa palepale, ananyunyizia sombe yake maji. Nikamwambia, huku nahema, kwamba tuondoke upesi.

“Tuende wapi?” akasema. “Ule Papa alifunga mulango sababu jua ilikuwa inayeyusha mishumaa yake. Alipoona munakimbia, akakuja mpaka huku kuniambia nisiogope. Na ninyi wote, hakuna hata mumoja alimuuliza? Kuuliza si ujinga.”

Nikacheka, kicheko kibaya cha mtu mwenye aibu. Yeye hakucheka. Aliutazama mzigo wangu kwa muda mrefu, kisha akaniangalia usoni.

“Tua muzigo,” akasema. “Iko nzito.”

Nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze, nipate la kujitetea, maana mimi kwa maneno sishindwi. Hakunigombeza siku ile, wala jioni tulipokula.

Siku ya soko iliyofuata nikamshika mkono nimpeleke mahali pake pa siku zote. Akasimama, akakataa.

“Unikalishe kwa baraza ya ule Papa,” akaniambia taratibu, kama mtu anayeomba maji. “Pale kuko muntu wa kunikumbuka.”

Nikampeleka.