Risasi Kubwa Iliyobaki Nyumbani

Siku ile, mwanangu, sijapata kuisahau. Ilianza asubuhi, kwa mtu kugonga mlango na kusema nyati yumo shambani. Lakini hebu nikae vizuri kwanza, goti hili halinipi raha, nikwambie tangu mwanzo.

Jana nilikusikia barazani unabishana na mwenzako, simu mkononi, juu ya risasi mbili za kuwindia, ipi bora. Wewe unasema tatu-saba-tano, yeye anasema nne-tano-nane. Kwa kelele zile mtu angedhani mnabishania mpira. Ukaniletea picha nione, huku unacheka: "Bibi, wewe utajua nini haya?" Hee! Mume wangu mdogo, mie nilizifuta risasi hizo kwa kitambaa kabla babako hajaota meno. Nne-tano-nane ni ile nene, imenyooka tangu chini mpaka juu. Tatu-saba-tano ni nyembamba kidogo, inaelekea kuchongoka. Nilikuwa naziweka katika kopo la biskuti, uvunguni mwa kitanda.

Basi Jumamosi unapanda boti kwenda Bara, kuanza kazi katika kambi ya wawindaji. Mie nimeona usiondoke bila kujua babu yako Faki alikufaje. Hapa kijijini kwetu Vitongoji wanajua kafia kazini, basi. Hata babako nimemwambia hivyo hivyo, kwa sababu kila nilipotaka kumweleza niligeuza maneno.

Faki alikuwa askari wa wanyamapori, na watu wa kule walimwita Bwana Nyama. Tulipelekwa kijiji kimoja cha Bara, karibu na mto, mie bi harusi wa juzi, sijui hata kusonga ugali wao. Nyati walikuwa wakitoka mtoni wanaingia kwenye mahindi, wanakula na kukanyaga, na mwanamke mmoja walishamjeruhi. Kazi ya Faki ilikuwa kuwafukuza, na wakikataa kufukuzika, kupiga. Alipewa bunduki mbili, kila moja na risasi yake, ile nene na ile nyembamba. Alikuwa na shabaha, wallahi. Kwa ile nene nyati alianguka pale pale, hana hata pumzi ya kulia.

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Wale watu walikuwa Waislamu wenzetu, na nyama waligaiwa wao. Lakini mpaka mchinjaji afike na kisu, nyati kesha kufa. Wakaanza kunung'unika. Wanawake wanarudi na makapu matupu, njia nzima wananisema mie. Mwanamume mmoja akamwambia Faki mbele ya watu, "Mpemba gani wewe, mtoto wa madrasa, unataka kutulisha mzoga?" Mwanangu, neno lile lilimwingia. Siku ile hakula. Mtu yuko ugenini, hana ndugu, hana jamaa, halafu anaambiwa hata dini yake ina walakini.

Mzee Shomari, aliyekuwa akisalisha pale msikitini, alipata habari akaja nyumbani kuzungumza na Faki. Mie nilikuwa nyuma ya pazia na kahawa yangu mkononi. Mzee yule hakuwa akipamba maneno.

"Wewe umeletwa hapa kuondosha hatari," alimwambia. "Hukuletwa kulisha watu. Mwenye shaka na nyama ile asile, nyama si faradhi. Lakini mnyama ukishaamua kumpiga, mpige afe. Usimwachie roho kwa ajili ya vinywa vya watu."

Faki akainama, akasema, "Nimesikia, Mzee." Na kusikia alisikia. Kufuata ndiko kulikomshinda.

Maana alikwisha kupanga lake kichwani. Ile nene inaua mno, aliniambia, lakini hii nyembamba nikimpiga nayo begani nitamlaza tu, pumzi atabaki nayo, nami nitawahi kumchinja. Na usije ukafahamu kuwa risasi ile ina ubaya, la, wengi wameangusha nyati kwayo na wakaondoka salama. Ubaya ulikuwa kuichagua ili mnyama asife. Nikamwambia, bwana we, nyati si mbuzi wa Iddi. Akanicheka. Nyinyi wanaume mkishalichekea jambo, mtu hana tena la kusema.

Basi asubuhi ile mlango ukagongwa. Faki akavaa viatu, akazitazama bunduki mbili zilizoegemea ukuta. "Chukua ile kubwa, Faki," nilimwambia. Babako nilikuwa nimempakata, ananyonya. Akachukua ile ndogo, akachomeka kisu kiunoni. "Leo watakula," alisema, na uso wake una furaha, masikini, kama mtoto anayekwenda kuonyesha kazi yake skuli. Ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake.

Yaliyofuata nilielezwa na waliokuwapo. Alipiga mara moja, nyati akaanguka ubavu, watu wakashangilia. Mwenye kujihurumia angengoja, angeongeza ya pili. Lakini ya pili ingemmaliza, na Faki alimtaka yu hai. Akaegemeza bunduki kwenye kichuguu, akamwendea na kisu, akashika pembe amgeuze shingo kibla. Hapo nyati akainuka.

Hapo sikwambii zaidi. Nyati alimpiga Faki pembe moja tu, kisha akajikokota kidogo akaanguka tena kwa lile jeraha lake. Mchinjaji akamkimbilia yule nyati, akamkuta bado anahema, akachinja. Nyati walimuwahi. Faki hawakumuwahi.

Tukamzika jioni ile ile, katika makaburi ya watu nisiowajua. Siku ya hitima ikapikwa nyama ile ile, kwa sababu ndiyo iliyokuwapo, na ilikuwa halali. Mie nimo ndani, nimeanza kukaa eda, harufu ya bizari inanijia. Sinia likawekwa mbele ya Mzee Shomari. Hakunyoosha mkono. Akawatazama wale watu, akasema, "Kuleni basi. Hii ndiyo halali mliyokuwa mkiitaka." Kisha akalia. Mzee mzima, mwanangu, mbele ya sinia, analia. Yule aliyesema neno la mzoga akainuka akatoka nje, na Mungu anajua, hata yeye nilimwonea huruma.

Mie walinibakizia sahani yangu. Sikuigusa. Kila Iddi mnanitania, bibi na samaki wake, watu wamechinja ng'ombe yeye anauliza kama changu wapo. Sasa umejua.

Kwa hiyo ukiniuliza risasi ipi, nitakujibu. Mtazame mnyama aliye mbele yako, utazame na bega lako linaweza ipi bila kutetemeka, kisha chukua itakayommaliza upesi. Usichague kwa kuwasikiliza waliosimama nyuma yako. Huko kambini watakuja wageni matajiri, mmoja atataka nyati abaki anahema apige naye picha, mwengine atang'ang'ania bunduki fulani kwa kuwa kainunua kwa bei. Sema hapana, kwa adabu, lakini iwe hapana. Wakikufukuza, rudi, muhogo upo na pweza wapo. Na bunduki usiiweke chini mpaka uwe na hakika mnyama kafa, na hata ukiwa na hakika, ngoja kidogo. Kumtesa kiumbe ili watu wakusifu si dini wala si kazi. Babu yako, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu wampende. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Haya, inama nikushike kichwa. Mola akutangulie uendako, akupe jicho la kuona na moyo uliotulia, akukinge na pembe za wanyama na ndimi za watu. Ukipita kijiji kile, msomee babu yako fatiha, umwambie mtoto wake kakua, kaoa, kazaa wewe. Kisha urudi, mume wangu mdogo, kwa miguu yako mwenyewe. Kaburi moja Bara linanitosha.